Mikorosho Ukutani

Mnunuzi aliwasha taa ya sebuleni, akaizima, akaiwasha tena. Ilikuwa saa nne ya asubuhi, jua limejaa mlangoni, na mwanga wa balbu haukuonekana hata kidogo. Mnunuzi huyo, Onesmo, mfanyabiashara wa mkaa aliyetokea bara akaota mizizi Maili Moja, alitazama kuta za udongo zilizopigwa lipu upande wa barabarani tu, akatazama bati, halafu akarudi kuketi.

"Taa nzuri," alisema. "Lakini mimi nanunua mahali, Bwana Adamu. Nyumba nitaivunja. Nataka stoo ya mkaa kando ya barabara. Mkaa hausomi gazeti usiku."

Adamu alicheka, kile kicheko cha mwenyeji asiyetaka kumkera mgeni. Alikuwa fundi cherehani, mtu wa miaka arobaini na ushei, na nyumba ile ilikuwa ya marehemu baba yake, Mzee Jumbe. Arobaini ya mzee ilikuwa imekwisha somwa, na ndugu wawili wa Adamu walitaka nyumba iuzwe ili kila mtu apate haki yake. Yeye aliyeishi ndani yake na mke na watoto wanne hakuwa na fedha ya kuwafidia.

"Stoo nayo inataka taa," alisema. "Na umeme huu haukuingia bure, ndugu yangu. Mita ipo, taa nne, soketi mbili. Upande huu wa barabara ni sisi na yule mganga wa zahanati tu. Nyumba yenye umeme haiwezi kuwa bei moja na nyumba ya koroboi."

"Nani kakwambia?"

Aliyemwambia Adamu ni yeye mwenyewe. Kwa miaka miwili alikuwa akijiambia hivyo kila siku, mpaka akaamini kwamba amelisikia mahali, kwenye redio au kwenye mkutano.

"Elfu kumi na tano," alisema Onesmo. "Na umeme, bila umeme, ni hiyo hiyo. Kama mnaipenda sana balbu yenu, ing'oeni mwende nayo. Sitawadai."

Nyuma ya pazia la mlango wa ndani alikuwa amesimama mke wa Adamu, Mwanamvua, mikono ina unga wa muhogo mpaka kwenye viwiko. Majirani walimwita Mama Siwema, kwa jina la binti yake wa kwanza. Hakuwa mwanamke wa kuingilia mazungumzo ya wanaume, na yeye mwenyewe alijiona mzuri kwa jambo hilo. Siku hiyo alitoka bila kuitwa.

"Karibu, baba. Naomba utuongezee elfu nne tu. Elfu nne ya umeme. Mengine yote na yawe unavyotaka wewe."

"Kwa nini nne? Si tatu, wala tano?"

"Kwa sababu ndiyo iliyoingia ukutani."

Onesmo alimtazama, akamgeukia mumewe kana kwamba mkewe ni mtoto aliyemwaga maji. "Mama, ukipika pilau ukanikuta nimeshiba, nikulipe mchele wako?" Akacheka peke yake, akasimama, akasema anawapa mpaka Jumamosi, kwani kiwanja kingine ameshaonyeshwa mtaa wa Kwa Mathias. Adamu alimsindikiza mpaka barabarani. Mwanamvua alibaki akitazama ule mlolongo wa waya uliopigiliwa kwenye kibao, unapanda kutoka swichi hadi kwenye dari.

Ule waya ulikuwa mikorosho yake. Mikorosho arobaini, aliyorithi kwa mama yake huko Kisarawe, njia ya Maneromango. Alikuwa ameiweka rehani kwa jirani wa mama yake, Mzee Kibwana, kwa shilingi elfu nne, ili Adamu avute umeme. Masharti yalikuwa ya siku zote, ya watu wa kwao: Kibwana aokote korosho kwa misimu miwili, na Mwanamvua akirudisha elfu nne kabla ya maua ya msimu wa tatu, miti yake inarudi. Maua yakitangulia, miti imekwenda. Na huu ulikuwa mwezi wa sita wa mwaka themanini na mbili, msimu wa tatu uko mlangoni.

Wala umeme wenyewe haukuwa umewapa cha maana. Tangu waya zifike, balozi wa nyumba kumi aliwapandishia mchango kutoka shilingi tano hadi kumi, akisema mwenye mwanga huona mbali. Katika duka la ushirika walifutwa kwenye orodha ya mafuta ya taa, na mafuta ya taa mwaka ule yalikuwa yakisubiriwa kwa foleni ya tangu alfajiri. Basi umeme ukikatika, na ulikuwa ukikatika, wao ndio waliokaa gizani wakati jirani zao maskini wana koroboi. Muuza samaki naye alikuwa na bei mbili, moja ya watu na moja ya Mama Siwema. Lakini Adamu alisema subira. Alisema faida ya umeme haiko kwenye kuwaka, iko kwenye bei ya nyumba.

Siku ya Alhamisi, baada ya sala ya adhuhuri, warithi walikaa mkekani. Husseini, ndugu mkubwa, mkulima wa Mlandizi, alikuja na baiskeli yake akaiingiza ndani kabisa, hakuiamini barabara ya Maili Moja. Dada yao, Zubeda, aliyeachika mwaka ule ule na kurudi kwa wajomba zake Magindu, alikuja kwa miguu sehemu kubwa ya njia, na vumbi lilikuwa limempanda mpaka magotini. Kati yao alikaa Mwalimu Abdala wa madrasa, aliyeombwa kusimamia mirathi. Mafungu yalikuwa matano, mawili kwa kila mwanamume na moja kwa Zubeda. Hesabu ilikuwa nyepesi: elfu sita, elfu sita, elfu tatu.

"Kabla ya kugawa," alisema Mwanamvua kutoka kwenye kizingiti, "mimi nina neno langu. Nikikosea mnisamehe, Mwalimu."

"Sema, binti yangu."

"Kwetu Kisarawe, mtu akipanda mkorosho kwenye ardhi ya mwenziwe, ardhi ni ya mwenyewe lakini mti ni wa aliyeupanda. Mwenye ardhi akitaka kumwondoa, humlipa miti yake kwanza. Hata nyinyi hapa ndivyo mnavyofanya. Sasa katika nyumba hii ya marehemu kuna kitu nimekipanda mimi. Waya hizi ni fedha za mikorosho ya mama yangu. Naomba nilipwe miti yangu, elfu nne, itoke juu kabla hamjagawana."

Husseini aliguna. "Shemeji, waya hazitoi maua."

"Lakini neno lake lina kichwa," alisema Mwalimu Abdala, na kwa mara ya kwanza tangu Onesmo aondoke, moyo wa Mwanamvua ulipata pa kushika. "Lina kichwa. Ila mti hujulikana aliyeupanda. Huu umeme aliupanda nani, na alipanda kwa makubaliano gani na mwenye nyumba?"

Wote walimtazama Adamu. Adamu alitazama mkeka.

"Makubaliano tunayajua sote," alisema Husseini taratibu. "Mwalimu, hata wewe ulikuwepo. Siku ya dua ya kuwasha taa. Watu wamejaa hapa, na huko nje wamekaa. Huyu bwana alisimama, kavaa kanzu mpya, akasema, 'Baba, hii ni zawadi yangu kwako. Umenilea, nami nakutoa gizani. Sitaki hata senti.' Mzee akalia. Mimi pia nililia, kusema kweli. Nilirudi Mlandizi najiona si mtoto wa mtu."

Mwanamvua aliikumbuka siku hiyo vizuri. Alikuwa jikoni, uani, anapalia makaa juu ya mfuniko wa sufuria la pilau la watu themanini. Alisikia sauti ya mumewe, hakuyashika maneno. Alisikia wanaume wakisema takbiri, akasikia wanawake wakianza vigelegele, na yeye akaweka koleo chini akapiga vigelegele kuliko wote.

"Ni kweli?" aliuliza Mwalimu Abdala, ingawa alikuwa akijua.

"Ni kweli," alisema Adamu. "Nilisema zawadi."

"Na mikorosho? Mkeo anasema fedha ni za mikorosho yake. Nayo ni kweli?"

Hapo ndipo mtu angetazamia Adamu aseme. Neno lenyewe lilikuwa moja tu, ndiyo, na lisingemgharimu zaidi ya aibu. Alifungua kinywa, akamtazama Husseini, akamtazama dada yake mwenye vumbi miguuni, akakohoa.

"Mambo ya ndani ya nyumba, Mwalimu, tutayamaliza wenyewe."

Mwalimu Abdala alipitisha tasbihi. Hakuwa mtu mbaya, na alisema alichokiamini. Zawadi ikitolewa mbele ya watu na ikapokelewa, ni mali ya aliyepewa. Marehemu alipokea, kwa hiyo umeme ni wa marehemu, na cha marehemu ni cha warithi. Mwanamvua kama ana dai, analo kwa mumewe, si kwa mirathi.

"Wifi," alisema Zubeda, akimshika mkono pale kizingitini, "mimi nina fungu moja tu. Ningekuwa na mawili ningekukatia, Mungu ni shahidi. Nikikupa wewe, mimi narudi Magindu na nini?"

Mwanamvua hakumkasirikia. Alimletea maji ya kunawa miguu.

Wageni walipoondoka, alimkuta mumewe barazani ameinamia cherehani, anaipaka mafuta mashine isiyo na kitambaa cha kushona.

"Mbona hukusema?"

"Ningesemaje, Mama Siwema? Mbele ya Husseini? Kwamba mwanamume mzima nimemwashia baba yangu taa kwa mali ya mke?"

"Kwani si ndivyo ilivyokuwa?"

"Ndivyo ilivyokuwa," alisema Adamu, na akaendelea kupaka mafuta.

Kesho yake Mwanamvua aliuza doti ya khanga ambayo alikuwa hajaivaa hata mara moja. Khanga wakati huo zilikuwa hazionekani, na jirani aliyeinunua alimpa chini ya nusu ya bei huku akimwambia, "Wewe una umeme, mwenzangu, khanga utapata nyingine." Kwa fedha hiyo alipanda basi la mjini, akabadili, akashikwa na mchana kwenye mlima wa Pugu gari lilipochemka, na akafika Kisarawe alasiri. Kutoka hapo alitembea.

Mzee Kibwana alikuwa uani kwake, anasuka matenga ya mkaa. Pembeni alikaa Mwamvita, shangazi yake Mwanamvua, aliyekuwa shahidi siku ya rehani na ambaye alikuwa akija pale kila jioni kuomba ugoro.

"Shikamoo, baba. Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mama. Karibu. Umekonda."

Alikaribishwa maji, akaulizwa habari za msiba, akazisema. Ndipo akatoa ombi lake: apokelewe elfu mbili mwezi huu, na elfu mbili nyingine baada ya msimu. Hiyo elfu mbili yenyewe hakuwa nayo. Alikuwa akiitumainia kwenye fungu la mumewe.

Kibwana alisuka mistari miwili mitatu kabla ya kujibu. "Mwanangu anayepanda malori ya mkaa kwenda Morogoro aliiona nyumba yenu. Akaja akaniambia, 'Baba, kwa Mwanamvua kunawaka kama mjini.' Nikafurahi, kwa sababu fedha yangu ndiyo inayowaka. Sasa leo unakuja kuniambia huna?"

"Sina, baba. Umeme haukuleta kitu."

"Mwenye umeme anakosaje elfu nne? Ungekuja maskini ningekuhurumia, Wallahi. Lakini mimi hapa nalala na kibatari, kikiwa na mafuta, halafu nimvumilie mwenye taa nne?" Hakuwa akipiga kelele. Alisema kwa huzuni, kama mtu aliyedhulumiwa. "Korosho bei yake unaijua. Ushirika wanachukua leo, wanalipa wakikumbuka. Mkaa unalipwa papo hapo. Kuna mtu ameshakuja kuitazama ile miti, na mimi nimemwambia bado si yangu. Nimemwambia kweli. Lakini maua yakitoka, mama, ni yangu, na nitafanya nitakavyo."

"Utaikata?"

"Nitafanya nitakavyo."

Shangazi Mwamvita alimsindikiza mpaka shambani. Miti ilikuwa imesimama safu kwa safu kama mama yake alivyoipanda, matawi yamefika chini, na chini yake pamefagiliwa, kwa kuwa Kibwana alikuwa mkulima safi, hilo halina ubishi. Mwamvita aliuvuta chini mkono wa tawi, akamwonyesha ncha.

"Zimeanza kuvimba. Siku nne. Wiki, Mungu akipenda. Nisikilize, mwanangu. Nyumba mtu hupanga. Mti wa mama yako hupangi popote. Uza hata sufuria."

Mwanamvua alirudi Maili Moja na neno hilo moja. Njia nzima alikuwa akihesabu: fungu la Adamu elfu sita, toa nne, zinabaki mbili. Aliihesabu kwa kila namna, na kila namna zilibaki mbili.

Jumamosi walikwenda ofisini kwa katibu wa kata kuandikishana. Warithi waliingia ndani na Onesmo, na Mwanamvua, kwa kuwa si mrithi wala shahidi, alikaa kwenye benchi la nje, chini ya dirisha. Alisikia kila kitu.

"Ardhi ni ya taifa, haiuzwi," alisema katibu, mtu aliyekuwa akisema maneno hayo hayo kila wiki. "Hapa tunaandika nyumba na miti. Sitaki kusikia mtu anataja kiwanja. Nyumba ya udongo, bati, vyumba vinne. Nini tena?"

"Umeme," alisema Husseini.

"Na umeme. Mita nayo inabaki?"

"Ibaki tu," alisema Onesmo. "Kuing'oa ni usumbufu."

Mwanamvua akasikia kalamu ikikwaruza. Kwa hiyo katika karatasi umeme ulikuwepo, ulihesabiwa, uliwekwa na muhuri. Ni katika fedha tu ambamo haukuwemo. Alitaka kuinuka awaambie hivyo kupitia dirishani, na hakuinuka, maana alijua atakachoulizwa: wewe ni nani katika jambo hili?

Adamu alitoka wa kwanza. Mkononi alikuwa na bahasha mbili za kaki. Alimwekea moja mapajani.

"Elfu nne. Kamili. Nenda kakomboe mikorosho yako."

"Na hiyo?"

"Mbili."

"Watoto watalala wapi, Baba Siwema?"

"Tutapanga."

Wote wawili walikuwa wakijua habari ya kupanga. Wiki nzima walikuwa wamezunguka. Mwenye chumba mmoja alitaka kodi ya miezi sita mbele, mwingine aliwakataa alipowaona watoto wanne, wa tatu alisema watu waliozoea umeme watamletea maneno. Palikuwa na kibanda Visiga, cha makuti, vyumba viwili, kina kisima jirani na kibaraza ambapo cherehani ingekaa. Mwenyewe alikuwa akihamia kwa watoto wake Rufiji, anataka elfu tano, hapunguzi, na Jumatatu anaondoka. Adamu alikuwa amekwenda kukitazama mara mbili. Hakukitaja pale kwenye benchi. Alisimama tu, ametoa alichokuwa nacho, anasubiri kuonekana mwema.

Mwanamvua akaielewa ile bahasha.

"Umenipa zawadi nyingine," alisema.

"Ni haki yako. Mwalimu alisema."

"Ni haki yangu. Na nikiichukua, Siwema na wadogo zake wakanyeshewa, itasemwa mama yao alichagua miti. Wewe utakuwa umeshatoa. Wewe kazi yako ni kutoa, Adamu. Kulipa ni kwangu."

Hakuwahi kumwita kwa jina tangu wazae. Kisha akalia. Alilia wazi, kwenye benchi la serikali, watu wakipita na fomu zao za kibali cha hiki na kile, na Zubeda alipotoka na elfu tatu zake amezifunga kwenye pindo, akakaa kando yake akalia naye bila kuuliza. Husseini alisukuma baiskeli akaondoka kwa miguu, akiona haya kupanda.

Jumatatu asubuhi Mwanamvua alitoa elfu tatu kwenye bahasha yake, Adamu akatoa zile mbili, wakamlipa mzee wa Visiga. Elfu moja iliyobaki Mwanamvua alimtumia Kibwana kwa mkono wa dereva wa lori, pamoja na salamu kwamba anaomba japo miti kumi, ile ya karibu na kaburi la mama. Majibu yalikuja siku ya pili kwa dereva yule yule, na fedha zake zimerudi zote. Kibwana alisema rehani haikatwi vipande, na kwamba maua ameyaona leo asubuhi.

Onesmo alikuwa amewapa siku tano za kuhama. Siku ya tano, mkokoteni wa mwisho ulikuwa ukipakiwa vyungu na kitanda cha kamba, lori likaingia uani likirudi kinyumenyume. Halikuwa na mkaa. Lilikuwa na friji, jeupe, kubwa kuliko kabati la nguo, limefungwa magunia ili lisichubuke, na nyuma yake makreti ya soda na bia. Vibarua wanne waliruka chini, na fundi mmoja wa mjini mwenye bisibisi mfukoni.

Mwanamvua alikuwa amefika mlangoni na kinu mikononi. Alikiweka chini.

"Bwana Onesmo," alisema, "ulisema stoo ya mkaa."

"Nilisema."

"Ulisema umeme kwako si kitu."

Onesmo alivua kofia, akajipepea. Alionekana kuwa na haya kidogo, kisha ikampita. "Biashara, mama. Mabasi yote ya Morogoro yanasimama hapa, na hapa pote huwezi kupata soda baridi. Nimetafuta mwaka mzima nyumba yenye umeme barabarani. Kuomba upya leo ni kungoja miaka, waya hakuna, nguzo hakuna, nchi nzima hakuna. Kiwanja kitupu ningekipata kwa elfu tatu, nne. Nilikuja kwenu na elfu ishirini na tano mfukoni." Akatikisa kichwa, kama anayewasikitikia kwa dhati. "Lakini shemeji yako Husseini alikuwa ameshaniambia mna haraka. Na nyinyi wenyewe mkaanza kwa kuomba. Mtu anayejua alichonacho haombi."

Adamu alikuwa amesimama nyuma ya mkewe na kichwa cha cherehani begani. Alisikia ile ishirini na tano. Alikiteremsha kile chuma polepole mpaka chini, akabaki ameinama, mikono magotini, akihema, na Siwema akadhani baba yake ameshikwa na tumbo. Miaka miwili alikuwa amesema faida iko kwenye bei ya nyumba, na faida ilikuwepo pale pale aliposema, elfu kumi nzima, ila alimkabidhi mtu mwingine.

Fundi wa mjini aliingia ndani, akafungua soketi ya sebuleni, akaichungulia, akapapasa waya kwa kidole mpaka kwenye mita. Akatoka anafurahi.

"Kazi safi hii. Waya mnene, wa zamani, siku hizi huupati hata kwa dawa. Friji litavuta umeme bila wasiwasi. Nani aliweka umeme huu?"

Aliuliza tu kwa ajili ya kuuliza. Onesmo alimtazama Adamu, akitegemea Adamu ajibu, na Mwanamvua akainama kukiokota kinu chake asisikie jibu lile la mkekani mara ya pili.

"Mke wangu," alisema Adamu.

Akakohoa, akarudia, kwa nguvu kiasi kwamba vibarua waliacha kufungua magunia na majirani wa upande wa pili wakageuka.

"Aliweka mke wangu. Huyu hapa. Kwa mikorosho arobaini ya mama yake. Mimi sikuweka hata shilingi."

Mwanamvua alisimama mlangoni, kinu amekipakata kifuani. Alingoja maneno yale yafanye kitu. Yalikuwa maneno yale yale, kamili, hayakupungua hata moja, ambayo yangetosha Alhamisi ile mkekani.

"Hongera sana, mama," alisema fundi, na alikuwa akimaanisha. "Sasa tupishe mlangoni, friji lipite."